Diski za kompyuta mpya ya nyumbani: mambo yasiyoandikwa mbele ya boksi

Weka maboksi mawili ya SSD, yaani diski za chipu, juu ya kaunta ya duka, yote ya TB 1. Moja limeandikwa MB 7,000 kwa sekunde, jingine MB 3,500. La kwanza ni ghali zaidi, na mnunuzi anaamini kompyuta yake itakwenda kasi mara mbili. Akishaifunga na kuiwasha, Windows inachukua karibu muda ule ule kuwaka, Excel inafunguka vilevile, kivinjari nacho vilevile. Muuzaji hakumdanganya. Namba ile ni ya kweli, ila inapima kazi moja tu: kusoma faili moja kubwa mfululizo. Kompyuta ya nyumbani hufanya kazi hiyo kwa nadra.

Kompyuta inapowaka, au programu inapofunguka, inaokota maelfu ya vipande vidogo vya data, vingi vikiwa vya KB 4 tu, vilivyotapakaa huku na kule. Kwenye hadi diski (hard disk, ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka), kwa kila kipande kichwa cha kusomea lazima kihamie kwenye mstari wake, kisha kisubiri sahani izunguke mpaka data ipite chini yake. Safari moja hula milisekunde 10 hadi 15. Kwa mwendo huo hupati vipande zaidi ya 100 kwa sekunde, na 100 ukizidisha kwa KB 4 haifiki hata MB 1. Ndiyo maana kompyuta yenye hadi diski peke yake hukaa dakika kadhaa baada ya kuwaka bila kuitika, taa ya diski ikimetameta bila kupumzika.

SSD haina kinachozunguka. Ile ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, huokota vipande vile vile kwa MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Ya NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, ikiwa nzuri hufika MB 60, 80, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kutoka kwenye hadi diski kwenda SSD yoyote ni kuruka mara 40 au zaidi, na tofauti hiyo mtoto wa darasa la pili ataiona. Kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe ni kama mara mbili, na hapo prosesa yenyewe huanza kuwa ndiyo inayosubiriwa. Kati ya NVMe ya MB 3,500 na ile ya MB 7,000, kwa matumizi ya kawaida, tofauti haionekani bila kifaa cha kupimia. Mtu anayehariri video za 4K na kuhamisha mafaili ya GB 50 kutoka diski moja kwenda nyingine kila siku ana sababu ya kulipia zile 7,000. Wengine wote, pesa hiyo waiongeze kwenye ukubwa wa diski au kwenye ubora wa chipu zake. Zile za PCIe 5.0 (PCIe ni njia ya ubao mama ambayo NVMe hupitia) zinazotangaza MB 14,000 zinachemka sana na ni ghali. Kwa nyumbani ziacheni kwanza.

Sloti inayowachanganya watu

M.2 ni jina la umbo tu: kile kijibao chembamba kama kipande cha chingamu kinacholala juu ya ubao mama. Namba 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. Kuna 2242 na 2230 pia, fupi zaidi, ambazo hukaa zaidi kwenye laptopu na vifaa vidogo. Lakini umbo halisemi diski inawasiliana kwa njia gani. Kuna M.2 inayotumia SATA, ambayo haiwezi kuvuka kama MB 550 kwa sekunde, na kuna M.2 inayotumia NVMe kupitia PCIe. Ukiziweka kando kwa kando zinafanana, na watu wengi hurudi dukani wakilalamika kwamba SSD mpya imekufa, kumbe sloti yao haiitambui aina hiyo.

Tazama meno ya shaba. NVMe nyingi zina pengo moja, upande mmoja. M.2 za SATA kwa kawaida zina mapengo mawili. Hata hivyo zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo meno ni dalili, si uthibitisho. Uthibitisho ni maandishi ya kwenye lebo na kijitabu cha ubao mama. Kijitabu hicho hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiandika jina kamili la ubao, na kurasa mbili za kusoma ni ile ya sloti za M.2 na ile ya matundu ya SATA.

Zisome zote mbili kwa pamoja, kwa sababu hapa kuna mtego. Kwenye mbao mama nyingi, ukichomeka kitu kwenye sloti fulani ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa kimya kimya, kwa kuwa yanagawana njia ileile. Mtu anaongeza NVMe ya pili, kesho hadi diski yake ya picha haionekani, na anadhani imeharibika. Ihamishie waya wake kwenye tundu jingine la SATA na itarudi. Jambo la pili: sloti ya M.2 iliyo karibu kabisa na prosesa kwa kawaida imeunganishwa na prosesa moja kwa moja, na ndiyo yenye kasi kubwa. Hiyo ndiyo ya Windows.

Kilicho ndani ya SSD

Hapa ndipo pesa ya mnunuzi inapopotea bila yeye kujua. SSD mbili za TB 1 zinaweza kuwa na namba ileile mbele ya boksi na zikawa vitu viwili tofauti kabisa.

Chipu za kuhifadhia zina seli ndogo ndogo, na kila seli hubeba chaji ya umeme. Ukiweka biti 3 katika kila seli, hiyo ni TLC. Ukiweka biti 4, ni QLC. Biti 3 zinahitaji kutofautisha viwango 8 vya chaji ndani ya seli moja. Biti 4 zinahitaji viwango 16 katika nafasi ileile. Kadiri viwango vinavyobanana, ndivyo kuandika kunavyohitaji uangalifu na muda, na ndivyo seli inavyochoka mapema. QLC ni nafuu kutengeneza kwa kila GB, basi bei yake hushuka.

Watengenezaji huficha mwendo huo wa polepole kwa mbinu moja nzuri. Sehemu ya seli hutumika kwa muda kana kwamba ni za biti 1 tu, hivyo huandikwa haraka sana. Baadaye diski ikiwa imetulia, data hiyo hupangwa upya kwenye biti 3 au 4. Sehemu hiyo huitwa kache ya SLC. Kwenye diski tupu ya QLC ya TB 1 inaweza kufika hata robo ya diski. Tatizo ni kwamba hupungua kadiri diski inavyojaa.

Sasa fikiria unahamisha GB 200 za video za sherehe kwenda kwenye QLC iliyojaa robo tatu. Dirisha la kunakili linaanza na GB 2 kwa sekunde, grafu iko juu. Baada ya sekunde kadhaa grafu inaanguka kama imekatwa kwa kisu, inabaki MB 100 kwa sekunde, wakati mwingine chini ya hapo, na inakaa hapo mpaka mwisho. Kwa dakika hizo SSD hiyo ina mwendo mdogo kuliko hadi diski ya kawaida. TLC nzuri nayo hushuka kache ikiisha, lakini hubaki kwenye mamia ya MB au zaidi ya GB 1 kwa sekunde. Kwa mtu anayeandika barua na kutazama filamu, QLC haina shida yoyote. Kwa anayehamisha mafaili makubwa mara kwa mara, ni maumivu ya kila wiki.

Jambo la pili la ndani ni DRAM, kumbukumbu ya haraka kama RAM ya kompyuta. SSD inahitaji ramani inayosema kila kipande cha data kiko kwenye seli gani, na ramani hiyo kwa kawaida huhitaji kama GB 1 ya kumbukumbu kwa kila TB 1. SSD nzuri huwa na chipu yake ya DRAM kwa ajili hiyo. NVMe za bei ya chini hazina, ila huazima makumi ya MB kutoka kwenye RAM ya kompyuta kwa utaratibu unaoitwa HMB, na kwa nyumbani zinafanya kazi vizuri tu. Ya kukwepa ni SSD ya SATA isiyo na DRAM, maana SATA haina utaratibu wa kuazima. Hizo ndizo zile za bei ya kutupa, nyepesi mkononi kama boksi tupu, ambazo miezi michache baadaye zikijaa huanza kukwama kwa sekunde nzima nzima.

Kwenye boksi mara nyingi hakuna neno TLC, QLC wala DRAM. Fungua waraka wa kiufundi wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Waraka usipotaja aina ya chipu hata kidogo, mimi nachukulia ni QLC na kulipa bei ya QLC. Kuna pia kampuni zinazobadilisha chipu za ndani huku jina la modeli likibaki lile lile, kwa hiyo uhakiki wa miaka mitatu iliyopita usiuamini kwa macho yaliyofungwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho karibu wote hukiandika, nacho ni TBW: jumla ya TB zinazoweza kuandikwa kabla dhamana haijaisha. Samsung 870 EVO ya TB 1, ambayo ni TLC, ina TBW 600. Crucial P3 ya TB 1, ambayo ni QLC, ina 220. Watu huogopa namba hizi bure. Mtu wa kawaida nyumbani huandika kama GB 20 kwa siku. Kwa TBW 220 hiyo ni siku 11,000, yaani miaka 30. Thamani ya TBW kwako ni kama kioo: ikiwa ndogo sana kulinganisha na wenzake wa ukubwa ule ule, ujue chipu za ndani ni za daraja la chini. Linganisha ukubwa kwa ukubwa, kwa sababu 870 EVO hiyo hiyo ya GB 250 ina TBW 150 tu.

Hadi diski bado ina kazi

Kwa kila TB, hadi diski ya inchi 3.5 bado ni nafuu kuliko SSD, na kwa kusoma filamu, picha na bekapu, MB 150 hadi 250 kwa sekunde zinatosha. Kosa ni kuiwekea Windows.

Kabla ya kununua uliza jambo moja: ni CMR au SMR? Kwenye CMR kila mstari wa data umelala peke yake. Kwenye SMR mistari inalaliana kama vigae vya paa ili iingie mingi zaidi kwenye sahani moja. Kuongeza kigae mwishoni ni rahisi. Kubadilisha kigae cha katikati kunalazimu kuvua na kupanga upya vyote vilivyokilalia. Diski ya SMR ina eneo dogo la kupokelea data kwa haraka. Eneo hilo likijaa, kuandika kunashuka hadi makumi machache ya MB kwa sekunde, na diski inaendelea kunguruma muda mrefu baada ya wewe kuacha kuitumia, ikipanga vigae vyake.

Mwaka 2020 jambo hili lilizua malalamiko makubwa, ilipobainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa SMR bila waraka kusema. Tangu hapo Western Digital na Seagate huchapisha orodha za modeli zao, na WD Red Plus ni CMR. Hadi diski ndogo za inchi 2.5 za TB 1 na kuendelea nyingi ni SMR. Kwa bekapu inayoandikwa mara moja kwa wiki hilo linavumilika. Kwa kutunza mafaili yanayobadilika kila siku, tafuta CMR.

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika ina kasi zaidi kidogo kuliko ya 5,400, na ina kelele na joto zaidi. Kwa ghala la picha, 5,400 inatosha kabisa.

Ukubwa gani

Watu wengi wakiona diski ya TB 1 inaonyesha GB 931 hudhani wameibiwa. Mtengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawa hesabu hiyo kwa 1,073,741,824 na bado inaandika GB. Diski ni ileile. Ya GB 500 itaonyesha 465, ya GB 256 itaonyesha 238.

Windows 11 inataka angalau GB 64, lakini baada ya masasisho, faili la kulalia kompyuta na mengineyo, tenga zaidi ya hapo kwa Windows peke yake. Ongeza programu, halafu acha asilimia 15 ya diski ikiwa tupu, kwa sababu SSD iliyojaa pomoni haina nafasi ya kupanga upya seli zake na inapoteza kasi. Ukipiga hesabu hiyo utaona GB 256 inajaa kabla mwaka haujaisha. GB 500 ni kiwango cha chini cha kuishi kwa amani, na TB 1 ndiyo mahali ambapo bei kwa kila GB huwa nzuri. Kwa ghala, hesabu video kwanza, picha baadaye: video ya simu ya 4K hula kuanzia MB 170 hadi 400 kwa dakika kutegemea mpangilio wake. Harusi ya saa 3 kwa MB 350 kwa dakika ni GB 63. Familia inayorekodi shughuli kama hizo itahitaji TB 4, si 1.

Bandia na zilizotumika

Kariakoo, Luthuli Avenue au kwenye maduka ya mtandaoni, kuna flashi na SSD za nje zinazotangazwa TB 2, hata TB 16, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa kwenye kiunganishi cha USB, na programu yake imebadilishwa ili itangaze ukubwa wa uongo. Inapokea mafaili yote bila kulalamika. Ikishafika kwenye ukubwa wake wa kweli, huanza kuandika juu ya yale ya mwanzo. Majina ya mafaili unayaona yote, ukifungua, hayafunguki.

Dawa ni kuijaza na kuisoma tena kabla hujaiamini. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia f3. Diski ya TB 1 kwa MB 100 kwa sekunde itachukua karibu saa 3 kuandika na nyingine 3 kusoma, kwa hiyo iache usiku. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba unaweza kuirudisha ikishindwa jaribio hilo.

Kwa hadi diski za mtumba, chomeka diski kwenye kompyuta ya dukani na ufungue CrystalDiskInfo, programu inayosoma SMART, yaani kumbukumbu ya afya iliyo ndani ya diski. Saa za kuwaka zitazame kwanza: mwaka mmoja mzima ni saa 8,760, kwa hiyo 26,000 ni miaka mitatu mfululizo. Halafu safu za 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu za sahani zilizokufa au zinazoelekea kufa. Zikiwa sifuri zote, sawa. C5 ikiwa hata 1, iache. C7 ikipanda, mara nyingi ni waya mbovu wa SATA, wala si diski. Kwenye NVMe tazama asilimia iliyokwisha kutumika na jumla ya data iliyoandikwa.

Kumbukumbu hizo zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani wanunuzi waligundua kwamba diski za seva za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimefanya kazi maelfu kwa maelfu ya saa. Kumbukumbu ya SMART ilikuwa imerudishwa sifuri, lakini Seagate zina kumbukumbu ya pili iitwayo FARM ambayo haikuguswa. Ukiwa na smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi, amri smartctl -l farm ikifuatwa na jina la diski inaisoma. Saa za FARM na za SMART zikitofautiana, rudisha diski.

Diski za seva zina kituko kingine. Baadhi yake, ukizichomeka kwenye pawa saplai ya kawaida ya nyumbani, hazizunguki kabisa, kwa kuwa volti 3.3 zinazopita kwenye pini ya tatu zinachukuliwa kuwa amri ya kuzima. Waya wa Molex (kile kichwa cha zamani cha umeme chenye pini nne) kwenda SATA, wa ubora mzuri, hauna volti hizo na diski itawaka.

Kufunga

Zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Kwenye ubao mama hakikisha kile kijinguzo kidogo cha skurubu kiko kwenye tundu la 80. Kikiwa hakipo, SSD itapinda ukikaza. Ingiza SSD kwa mlalo wa kama nyuzi 30, isukume mpaka meno ya shaba yakaribie kupotea yote, kisha ilaze chini na ukaze skurubu kwa nguvu ya vidole viwili tu. Ikiwa kuna bati la kupozea, bandua ile karatasi ya plastiki iliyo juu ya gundi yake. Wengi huisahau, na SSD inafika nyuzi 80 na kujipunguzia mwendo ili isiungue. Kwenye joto la Dar au Mombasa bati hilo lina umuhimu wake.

Wakati wa kusakinisha Windows, acha diski moja tu ndani: ile itakayobeba Windows. Nyingine zote zichomoe. Sababu ni kwamba Windows ina tabia ya kuweka sehemu yake ndogo ya kuwashia, kama MB 100, kwenye diski nyingine ikiikuta. Kila kitu kinafanya kazi mpaka siku unapoitoa hadi diski ile ya zamani, na kompyuta inagoma kuwaka ingawa Windows yote iko kwenye SSD.

Kwenye kompyuta za Intel kuanzia kizazi cha 11, kisakinishi kinaweza kusema hakuna diski yoyote. SSD haijafa. Kuna mpangilio uitwao VMD kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya ubao mama. Ama uuzime kabla ya kusakinisha, ama uweke draiva ya Intel RST kwenye flashi na uipakie wakati wa kusakinisha.

Windows ikishawaka, zima, funga hadi diski. Inahitaji nyaya mbili: mwembamba wa data kwenda ubao mama na mpana wa umeme kutoka pawa saplai. Usichanganye nyaya za umeme za pawa saplai mbili tofauti, hata kama vichwa vinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na waya wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5. Diski inaungua papo hapo, na hakuna dhamana inayolipa hilo.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc. Diski mpya itaomba kuanzishwa: chagua GPT, maana MBR haioni zaidi ya TB 2.2. Fomati kwa NTFS. Halafu bofya kulia kwenye folda ya Video na ya Picha, ingia kwenye sifa zake, na uhamishe mahali pake kwenda diski hiyo. Mwisho fungua CrystalDiskInfo utazame mstari wa njia ya kusafirishia: NVMe ikionyesha x2 wakati inastahili x4, au diski ya SATA ikionyesha 300 badala ya 600, umeichomeka mahali pabaya.

Umeme na bekapu

Hadi diski inayokufa mara nyingi hutoa dalili: kugonga, kukwama, sehemu mbovu kuongezeka. SSD huweza kuzimika leo bila neno, na mafaili yaliyofutwa kwenye SSD hayarudishwi kwa urahisi, kwa sababu amri ya TRIM husafisha seli zake. Umeme unapokatika katikati ya kuandika, SSD za nyumbani hazina kapasita za kumalizia kazi kama zile za seva, na kinachoweza kuharibika ni ile ramani. UPS (betri ya dharura ya kompyuta) ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, nayo inakinga dhidi ya umeme unaorudi na kishindo. Betri yake huchoka ndani ya miaka michache, mapema zaidi kwenye joto. Ipime kwa kuchomoa waya wa ukutani wakati huna kazi ya maana.

Diski mbili zinazoakisiana ndani ya kompyuta moja si bekapu. Ukifuta faili, linafutika kote. Mwizi akibeba kompyuta, kabeba zote. Nunua hadi diski ya nje, nakili kila wiki, halafu ichomoe na uiweke mbali na kompyuta. Virusi vinavyofunga mafaili hufunga kila kilichochomekwa. Usitumie SSD kwa kutunzia vitu kabatini miaka mingi: kwa kigezo cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, SSD ya nyumbani iliyofikia mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa inatakiwa kushika data mwaka 1 tu bila umeme kwenye nyuzi 30. Iliyo mpya hushika zaidi, lakini hadi diski ndiyo inayofaa kabatini, ikiwashwa walau mara moja kwa mwaka.

Kwa bajeti ndogo, mpangilio wangu ni huu: NVMe ya TLC ya GB 500 kwa Windows na kazi, pamoja na hadi diski ya nje ya TB 1 au 2 kwa bekapu, na hadi diski ya ndani isubiri. Pesa ikiongezeka, kwanza NVMe iwe TB 1, kisha ndipo ije hadi diski ya CMR ya TB 4 ndani, na ya nje yenye ukubwa huo huo.

Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 huweza kuwasha usimbaji wa diski yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ubao mama ukifa na SSD ikapelekwa kwa fundi kwenye kompyuta nyingine, haitafunguka bila ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uchapishe siku ileile unayomaliza kusakinisha, uukunje pamoja na risiti ya diski na namba zake za utambulisho.